MRADI MDOGO NYUMBANI: Mshumaa usio na utambi, nani atanunua?

Tunawasalimu wazee wetu waliopita Kala na Mwange kabla kambi zile hazijafungwa mwaka 2010, wakarudi nyumbani Pweto na Moba, kisha wakavuka tena kuja Zambia. Ninyi mnajua kuanza upya kuliko sisi.

Mwezi huu tunajibu swali ambalo wengi wametuuliza njiani na kwenye foleni ya maji: ile nta yenu inayonukia, inalipa au hailipi?

Yote yalianza na kifurushi. Mama mmoja wa kikundi chetu ana mdogo wake aliyehamishiwa Marekani. Ndani ya kifurushi, katikati ya nguo za watoto, tulikuta kipande cha nta chenye harufu ya mdalasini, kimegawanywa kama chokoleti. Tulitafuta utambi, hakuna. Mzee mmoja jirani akakigeuza mkononi akasema, "Buji bila utambi, ni ya kazi gani? Hata sahani yako huwezi kuiona." Tulicheka sana. Lakini swali la mzee ndilo lililotuokoa baadaye, na ndilo tunaloliandikia leo.

Kwa simu mdogo wake alitueleza. Kule watu hawauwashi mshumaa huo. Wanauweka kwenye kisahani juu ya kifaa cha umeme, joto linauyeyusha polepole, na harufu inaenea nyumbani. Wako watu wanaoishi kwa biashara hiyo. Kampuni ya Scentsy, kwa mfano, ilianza mwaka 2004 na huuza kupitia watu wanaotembeza bidhaa kwa jamaa na majirani. Tukasema, eeh, nyuki tunao, mbabula tunayo, majirani tunao. Na jambo lenyewe si geni: Zanzibar na Mombasa akina mama wanafukiza udi na ubani kwenye chetezo tangu zamani. Basi tukaanza.

Tulipokosea

Kosa la kwanza: tulikwenda kuuza hapa hapa kambini. Siku nzima tuliuza vipande saba, na vitatu kati ya hivyo walinunua shemeji zetu kwa huruma. Mzee alikuwa amesema kweli. Mtu anayetafuta chumvi, sabuni na mwanga wa usiku hatatoa pesa yake kwa mshumaa usiotoa mwanga. Harufu nzuri anaipenda, lakini si leo.

Kosa la pili: ili nta iwe nyingi tuliongeza mafuta mengi ya kupikia. Jua la saa saba likafanya kazi yake. Vipande vilishikana kama ugali, karatasi zikaloa mafuta, tukarudi navyo nyumbani.

Kosa la tatu ndilo kubwa: bei. Tulisema K5 kwa sababu inatamkika vizuri. Hakuna aliyepiga hesabu. Siku tuliyofungua daftari tukaona aibu. Kilo moja ya nta ilitutoka K80, mafuta ya harufu K90, makala K15, karatasi na uzi K10, usafiri K60. Jumla K255. Kilo moja inatoa vipande 40 vya gramu 25. Hata kama vyote vingeisha kwa K5, tungepata K200. Maana yake tulikuwa tunamlipa mteja K55 ili achukue kazi yetu!

Pua ya nani?

Tulikaa chini ya mwembe tukauliza upya: nani ana shida ya harufu, tena ana pesa? Jibu lilikuwa Kashikishi. Wote mnajua soko lile, chisense imeanikwa, samaki wabichi na wa moshi, magari yanapakia ya kwenda Copperbelt. Harufu ya samaki ndiyo harufu ya pesa pale. Lakini mwenye nyumba ya wageni hataki mgeni wake alale nayo, na mwenye restorani hataki ibaki kwenye vitambaa vya meza.

Safari ya pili hatukutandaza kitu chini. Wawili wetu walibeba kisahani cha bati na makala machache kwenye kopo, wakaomba ruhusa kuweka kipande kimoja barazani, bila malipo, wakangoja. Baada ya dakika kumi mwenye nyumba alitoka mwenyewe, akanusa, akauliza, "Ni shinga?" Hapo ndipo tulipojifunza kwamba mshumaa huu hauuzwi kwa macho. Ukiufunga vizuri halafu ukakaa kimya, ni kipande cha nta tu.

Tulimwambia K10, hakushangaa. Siku ile tulikuwa na kilo mbili: nta K160, harufu K180, makala K20, karatasi K20, na usafiri ule ule K60. Jumla K440. Vipande 80 kwa K10 ni K800. Faida K360. Tuliweka K150 kwenye sanduku la kikundi, K210 tukagawana watu saba, kila mmoja K30. Ona jinsi usafiri ulivyobaki ule ule ingawa mzigo uliongezeka mara mbili. Bei za kwenu zitakuwa tofauti, andikeni zenu. Ila msiache mstari wa makala na usafiri, hiyo ndiyo panya inayokula bila kuonekana.

Je, K30 ni nyingi? Hapana. Haijajenga nyumba wala kulipa ada. Imenunua chumvi, sabuni na madaftari mawili. Tunawaambia ukweli ili mtu asiuze mbuzi wake akimbilie nta.

Namna ya kutengeneza

1. Pata nta ya nyuki. Warina asali wengi hutupa masega wakishakamua. Kule Mwinilunga na Kabompo, Mkoa wa Kaskazini-Magharibi, nta ya nyuki huuzwa hadi nchi za nje, kwa hiyo msiitupe. Funga masega kwenye kitambaa, chemsha ndani ya maji, kandamiza kwa kijiti. Nta itaelea. Ikipoa itaganda juu, itoe na kukwangua uchafu wa chini. Mabaki ya buji za dukani nayo yanafaa, toa utambi kwanza.

2. Yeyusha nta kwenye kopo lililosimama ndani ya sufuria ya maji moto. Usiweke kopo moja kwa moja juu ya mbabula. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, haihitaji moto mkali.

3. Ukitaka iwe laini kidogo, ongeza kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kwa kilo, yasizidi. Mawese acha, yana rangi yake na harufu yake.

4. Epua, ngoja kidogo, tia vijiko vikubwa 5 vya mafuta ya harufu kwa kilo, koroga polepole. Usitie pafyumu ya kupuliza: ina spiriti, inaweza kushika moto. Ukiwa na mchaichai au karafuu, ziloweke kwenye mafuta ya kupikia yenye joto, uyachuje, utumie mafuta hayo kwenye kile kijiko cha hatua ya 3. Harufu yake ni ndogo, lakini inasaidia.

5. Mimina kwenye vifuniko vipana au boksi za maziwa zilizopakwa mafuta kidogo. Ikiganda, kata, funga kwenye karatasi, weka kivulini.

Tafadhali someni hapa mara mbili

Mshumaa huu hauna mwali, na katika nyumba ya nyasi hilo ni jambo jema. Lakini makala yana hatari yake. Makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtu aliyelala haamki. Kwa hiyo kisahani cha nta kiwekwe juu ya mbabula nje, barazani, au mlango na dirisha vikiwa wazi. Usilale na mbabula ndani hata siku moja, hata kama ni baridi ya Juni. Mweleze hivyo kila mteja, kabla hajalipa.

Nta ikishika moto usimwage maji, yatarusha moto. Funika kwa kifuniko au mchanga. Mtoto akiungua, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha kliniki. Usipake mafuta wala dawa ya meno. Aliye na pumu akae mbali na harufu hizi.

Jambo la mwisho, na hapa tuliyumba kidogo. Mteja mmoja aliuliza, "Hii ya mchaichai inafukuza mbu?" Tulijua tukisema ndiyo, atachukua kumi. Mmoja wetu alishafungua mdomo. Lakini Nchelenge ni kati ya wilaya zenye malaria nyingi katika Zambia, na kila bloku imeshazika mtoto. Tulimjibu, "Mama, hii ni ya harufu tu, usiku lala ndani ya chandarua." Alichukua viwili. Viwili vya kweli vinatutosha.

Kwa wanaotaka kuanza

Anzeni watu wachache, na kilo moja. Kabla ya kununua nta, nendeni mkamuulize mteja kama ataitaka. Anayekwenda Kashikishi asisahau kibali cha kutoka, na arudi kabla hakijaisha muda. Kumbukeni kwamba ziwa hufungwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazae. Miezi hiyo wafanyabiashara hupungua, nyumba za wageni hubaki tupu, na mshumaa nao hulala. Wakati huo sisi tunalima, na nta tunaiweka, haiozi.

Yule mzee jirani tulimpelekea kipande kimoja. Bado anasema hakina kazi. Lakini jioni mke wake akimaliza kukaanga samaki, tunakisikia harufu yake hadi kwetu.

Mwezi ujao tutaongea juu ya daftari la mradi: nani aliandike, na nani ashike ufunguo wa sanduku. Mwenye swali au mradi wake alete kwa kiongozi wa bloku.