Huwezi Kulinda Kesho Isiyo Yako

Mwezi wa nane katika vijiji vya Shinyanga, mabua yakiwa yameshaliwa yote mashambani na upepo ukipeperusha vumbi, mara nyingi utakuta kipande cha ardhi chenye nyasi ndefu zilizokaukia zikiwa zimesimama, katikati ya miti. Huenda usione hata waya mmoja wa senyenge. Hiyo ndiyo ngitili. Wafugaji wa Kisukuma huifunga mvua zinapoanza, wakati ng'ombe wanashiba popote wanapopelekwa. Huifungua kiangazi kikishakolea, na hata hapo mifugo huingizwa sehemu moja baada ya nyingine, ili majani yafike hadi mvua nyingine. Kazi ngumu ya kujizuia hufanywa siku za neema.

Naikumbuka ngitili kila ninaposikia mahubiri kuhusu kupanga maisha. Taifa linaingia katika Dira ya 2050, makazini kuna semina za malengo, na vijana wanasemwa kwamba wanaishi kwa leo tu. Ni kweli kwamba asiyetazama mbali huumia. Lakini lawama nyingi tunazitupa pasipostahili, kwa kudhani kuona mbali ni tabia ya mtu, mmoja amejaliwa na mwingine amenyimwa. Historia ya Shinyanga inasema vingine.

Enzi za ukoloni, misitu mingi ya huko ilifyekwa ili kuwaangamiza mbung'o. Kisha mashamba, pamba ikiwemo, yakaendelea kuila miti iliyobaki. Miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji: familia zikahamishiwa vijiji vipya na ngitili zao zikabaki nyuma. Eneo lililokuwa na mwenyewe likawa la kila mtu, na aliyejizuia leo alikuwa anamtunzia malisho atakayewahi kesho. Katikati ya miaka ya 1980 mkoa ulikuwa umepewa jina la jangwa la Tanzania, na mwaka 1986 ngitili zilizobaki zilikadiriwa kuwa hekta 600 tu.

Je, Wasukuma walikuwa wamesahau hekima yao? Hata kidogo. Wazee walikuwepo na ujuzi walikuwa nao. Kilichowatoka mikononi ni uhakika kwamba wanachokitunza kitakuwa chao.

Mwaka huo wa 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni ulitegemea sana kugawa miche ya vitaluni, na haukufika mbali. Mambo yalibadilika wananchi walipopewa nafasi ya kufufua utaratibu wao wenyewe, kila familia na ngitili yake, na kijiji na yake. Dagashida, baraza lao la jadi, likasimamia kanuni na faini kwa anayeingiza mifugo bila ruhusa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilihesabiwa zaidi ya hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800. Hapakuwa na haja ya semina ya kuwafundisha watu kuitazama kesho.

Mjini nako, kwamba mtu hutunza kilicho chake, tunakuona kila siku. Katika kijiwe cha bodaboda karibu na ninapoishi, kijana anayepeleka hesabu ya kila siku kwa tajiri huendesha mpaka mnyororo ulie, oili ikiwa nyeusi tii. Mwenzake aliye kwenye mkataba, ambaye akimaliza malipo pikipiki inakuwa yake, huinama kila asubuhi kukagua mnyororo na hubadilisha oili kabla haijaharibika. Umri wao unalingana na barabara ni ile ile. Wanatofautiana katika jibu la swali moja: pikipiki hii mwakani itakuwa ya nani?

Kuna pingamizi la haki hapa. Wapo wenye mshahara wa kudumu na nyumba zao, na bado wanakula hata mbegu ya kupanda kesho. Uhakika peke yake hautoshi, ndiyo maana ngitili ilikuwa na Dagashida. Binadamu huhitaji kanuni inayomshika mkono siku tamaa inapomzidi, iwe ni kanuni ya kikoba, ya familia au ya ofisi. Lakini kanuni bila uhakika ni adhabu tu, na watu huikwepa.

Kwa hiyo mwajiri anayetaka watumishi wenye upeo aache kuwafunga kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Halmashauri inayotaka wakulima wapande miti iwape hati za hakimiliki ya kimila, ambazo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inazitambua. Nawe msomaji, ukiwa na hata kipande kidogo kilicho chako kweli, kifunge sasa mvua inaponyesha. Kiangazi kikifika, hutakuwa na cha kufunga.