Tusigeuze tusichokijua

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Ukweli wa methali hiyo waonekana wazi katika baadhi ya gereji zetu, ambako magari ya kale ya mbio, yaliyoletwa kutoka ng'ambo miongo mingi iliyopita, hufufuliwa kutoka vumbini, yakavuliwa injini, yakakatwa na kuvishwa vipuri vigeni. Wapo wamiliki wanaoshikilia kwamba gari la aina hiyo halifai kubadilishwa hata parafujo moja. Wapo wengine, hasa vijana, wanaodai kwamba mwenye mali ndiye mwenye hiari, na kwamba anayelipa ana haki ya kuligeuza gari lake apendavyo.

Mjadala huu wastahili kuzingatiwa na walimu na wanafunzi, kwani hauhusu anasa za wenye fedha peke yake. Unahusu maarifa. Je, ni nani aliye na idhini ya kukibadilisha kitu alichokikuta kimeundwa na wengine? Jibu langu ni kwamba idhini hiyo ni ya yule tu aliyekwisha kukielewa kitu hicho, na kwamba kwa upande wa magari, njia ya kukielewa ni kukirejesha kwanza katika hali yake ya asili.

Tuchukue mfano mmoja ambao Wakenya wana sababu ya kuujua. Datsun 240Z ni gari la milango miwili lenye viti viwili, lililoanza kuuzwa na kampuni ya Nissan ya Japani mwishoni mwa mwaka 1969. Lina injini ya silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja, yenye ujazo wa sentimita 2,393 za mchemraba, kabureta mbili na nguvu za farasi zipatazo 150. Mnamo mwaka 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mashindano ya Safari Rally wakiendesha gari la aina hiyo, na Shekhar Mehta akawa wa pili katika jingine kama hilo. Mwaka 1973 Mehta akiwa na Lofty Drews alishinda kwa 240Z baada ya kufungana kwa alama na Harry Källström, ambaye naye alikuwa katika Datsun ya aina nyingine. Kwa hiyo, gari hili lilizaliwa Japani lakini sehemu kubwa ya sifa zake ilichumwa katika tope na vumbi la Afrika Mashariki.

Magari kama hayo yaliyosalia humu nchini hayawezi kuongezeka kwa urahisi. Kanuni za ubora wa bidhaa zimekuwa zikizuia kwa jumla uingizaji wa magari yaliyozidi umri wa miaka minane, na sheria yetu inataka usukani uwe upande wa kulia. Zile 240Z nyingi zilizouzwa Marekani, ambazo baadhi yake zilihifadhika vizuri katika majimbo makavu, zina usukani upande wa kushoto. Basi kila gari la kale linaloharibiwa na msumeno wa fundi mwenye pupa ni hasara ambayo haifidiwi kwa kuagiza jingine.

Mimi ni mwanaisimu, na naomba niruhusiwe kuanza na neno. Katika gereji zetu kitenzi kimoja, kutengeneza, kinabebeshwa mizigo mitatu. Mteja akisema, "Nitengenezee gari hili," huenda anamaanisha liondolewe kasoro ili litembee. Huenda pia anamaanisha lirejeshwe kama lilivyotoka kiwandani. Au huenda anataka ligeuzwe liwe na mwendo, sura au sauti ambayo halikuwa nayo. Kazi hizi tatu hazifanani kwa gharama, kwa muda wala kwa ujuzi. Mafundi wa vyombo vya baharini katika pwani yetu hawana utata huo. Wana kukalafati, yaani kuziba nyufa za mbao kwa pamba, na wana kupaka deheni, na hakuna nahodha anayechanganya kazi hizo mbili. Ugomvi mwingi baina ya mwenye gari na fundi ungeepukika kama wangekubaliana kwanza juu ya kitenzi. Katika makala haya nitasema kurekebisha, kurejesha na kugeuza.

Kurejesha huanza na kutu. Bodi ya 240Z haikuwekwa juu ya chesisi ya pekee kama ilivyo katika lori. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. Sakafu, kingo zilizo chini ya milango na mihimili myembamba iliyo chini ya sakafu ndizo zinazobeba uzito wa injini na kustahimili vishindo vya barabara. Bahati mbaya ni kwamba sehemu hizo hizo ndizo zinazoliwa mapema zaidi. Maji hutuama chini ya zulia, tindikali ya betri hudondokea kikalio chake, na tope hujificha nyuma ya matao ya magurudumu. Kikulacho ki nguoni mwako. Gari laweza kung'aa kwa rangi nyekundu huku sakafu yake ikiwa nyembamba kama karatasi.

Fundi mwaminifu huvua kila kitu, hukwangua rangi hadi chuma kionekane, hukata kilichooza na kuchomelea bati jipya la unene ule ule. Fundi wa njia ya mkato hujaza mashimo kwa uji mzito wa kuzibia, akaupiga msasa na kuupaka rangi. Kwa macho, kazi hizo mbili hulingana kwa muda wa miezi michache. Katika ajali, hazilingani hata kidogo.

Baada ya bodi huja breki, usukani na springi, kisha nyaya za umeme, na mwisho injini. Mpangilio huo una sababu. 240Z iliundwa ikiwa na breki za diski mbele na za dramu nyuma, na breki hizo zilipimwa kwa nguvu ya injini iliyokuwamo. Kijana anayeanza na injini, akaweka kubwa zaidi kabla ya kugusa breki wala kuchungulia sakafu, amepanda ghorofa juu ya msingi asioujua. Tunaona pia wanaokata springi ili gari lilale chini. Springi iliyokatwa huwa fupi na ngumu kuliko ilivyokusudiwa, shokomzoba hufika mwisho wa safari yake kila mara, na gari huruka mahali ambapo lingepaswa kushika barabara. Katika nchi yenye matuta na mashimo kama yetu, huko si kupendezesha gari. Ni kuhatarisha maisha ya dereva na ya mtembea kwa miguu asiye na habari.

Hata hivyo, sisemi kwamba mabadiliko yote ni haramu. Wale wasiotaka kuguswa hata parafujo husahau kwamba 240Z zilizoshinda Safari hazikuwa kama zilivyouzwa madukani. Ziliongezewa taa mbele na kinga ya chuma chini ya injini, na ziliimarishwa ili zihimili barabara zetu. Husahau pia ushindi wa Joginder Singh na nduguye Jaswant mwaka 1965, waliotumia Volvo PV544 iliyokwisha kutumika katika Safari ya mwaka uliotangulia. Hilo lilikuwa gari kuukuu. Walioligusa walijua kila kiungo chake, na kwa sababu hiyo liliwafikisha.

Walimu wa fasihi watatambua kwamba mgogoro huu una ndugu yake katika ushairi wa Kiswahili. Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, aliweka wazi mambo ya vina, mizani na kituo. Miaka 20 baadaye Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofungwa na sheria hizo, na wanamapokeo na wanamabadiliko wakavutana kwa miaka mingi. Lakini hata wanamapokeo walikuwa na uhuru wao. Mshairi aliruhusiwa kufupisha neno kwa inkisari na kulirefusha kwa mazida. Ni nani aliyeruhusiwa? Ni yule aliyejua mizani. Mwanafunzi anayekata silabi kwa kuwa hajui kuhesabu hajatumia inkisari, amekosea tu. Vivyo hivyo, fundi anayekata bodi kwa kuwa hajui kazi ya kipande anachokikata hajageuza gari. Ameliharibu.

Kutokana na hayo, napendekeza vipimo vitatu vya mabadiliko yanayokubalika.

Kwanza, je, yanaongeza usalama au uwezo wa gari kutumika leo? Mikanda bora ya viti, breki zenye nguvu zaidi, rejeta inayostahimili foleni za Nairobi, na mfumo wa elektroniki wa kuwashia badala ya pointi zinazokwisha mara kwa mara, yote hayo yana hoja ya kuyatetea.

Pili, je, yanaweza kuondolewa? Injini ya lita 2.8 iliyotumika katika 280Z ni ya ukoo uo huo na yaweza kukaa mahali pa ile ya kwanza bila kuumiza bodi. Mwenye busara huifunika injini ya asili na kuiweka stoo, kwani nambari yake ni sehemu ya historia na ya thamani ya gari. Lakini tao la gurudumu lililokatwa ili tairi pana liingie halirudi kwa urahisi.

Tatu, je, yameandikwa? Sheria inataka badiliko kama la injini au la rangi liandikishwe katika hati za gari. Mimi naomba zaidi ya hapo: daftari linaloeleza kilichoondolewa, kilichowekwa, lini, na kwa nini.

Kipimo hiki cha tatu ndicho kinachowahusu walimu zaidi. Ujuzi wa kulinganisha kabureta mbili kwa kusikiliza mvumo wa hewa, wa kunyoosha bati kwa nyundo bila kulitoboa, au wa kupima pengo la valvu kwa kibati chembamba, umo vichwani na mikononi mwa mafundi waliozeeka. Wengi wao hawakuuandika popote. Magari ya siku hizi yanaongozwa na kompyuta, na kijana anayejifunza leo huanza kwa kuunganisha mtambo wa kusoma hitilafu. Huo ni ujuzi mzuri na wa lazima, lakini hautamwonyesha mafuta na hewa vinavyochanganyika. Mzee mmoja wa jua kali akifariki, huenda akaondoka na msamiati mzima pamoja na kazi uliyoitaja.

Wenzetu wameliona hili. Katika miaka ya 1990 Nissan yenyewe ilinunua 240Z kuukuu nchini Marekani, ikazirejesha katika hali nzuri na kuziuza tena. Mwaka 2013 wafanyakazi wake waliojitolea kule Japani walilirejesha lile gari lililoshinda Safari mwaka 1971, hata likaweza kutembea tena. Watu wanaounda magari mapya kila siku waliona kuna la kujifunza katika kazi ya waliowatangulia.

Najua nitaulizwa: mzazi anayehangaikia karo ana haja gani na gari la mbio la kale? Swali hilo ni la haki. Urejeshaji wa gari kama hilo hugharimu fedha nyingi kuliko wengi wetu tuwezavyo kumudu. Lakini ujuzi ninaoutetea haukufungwa ndani ya 240Z. Kabureta, pointi, dramu za breki na bati la kuchomelea vimo pia katika Peugeot 504, ambazo ziliwahi kuunganishwa humu nchini na ambazo zingali zikibeba mazao katika baadhi ya vijiji. Injini nyingi ndogo za pampu za maji zina kabureta mpaka leo. Anayejifunza kurejesha gari moja la kale kikamilifu amejifunza kusoma mashine.

Kwa hivyo, vyuo vya ufundi vingefanya vyema kutafuta kila kimoja gari moja la kale, si lazima la mbio, na kulifanya kitabu cha kiada. Wanafunzi walivue hadi bodi tupu, wakiwa na fundi mmoja mkongwe wa kuwaelekeza na mwalimu mmoja wa Kiswahili wa kusimamia daftari. Waandike jina la kila kiungo kama mafundi wanavyolitaja, hata kama lilikopwa kutoka Kiingereza, kwani neno lililokopwa na kuzoeleka ni letu. Waandike kila walichokikuta kabla ya kuondoa chochote. Wakishalirejesha na likanguruma, ndipo waulizwe wangependa kubadilisha nini na kwa sababu gani. Nina hakika majibu yao yatakuwa machache na yenye mantiki kuliko ya yule aliyeanza na msumeno.

Wamiliki nao wana wajibu. Kabla ya kumkabidhi fundi funguo, wakubaliane naye kwa maandishi kama kazi ni ya kurekebisha, ya kurejesha au ya kugeuza, na vipande vya asili vihifadhiwe vyote, hata vilivyochakaa, ili atakayelipokea gari hilo baadaye aweze kujua lilivyokuwa.