Ol Joro Orok ni Mahali: Dhidi ya Uhakiki wa Machozi

Imekuwa ada miongoni mwa wahakiki wetu, kila inapotajwa filamu ya Nirgendwo in Afrika (2001) ya mwelekezi Mjerumani Caroline Link, kuisifu kwa maneno yale yale: kwamba ni hadithi ya upendo usiojua rangi, na ya wakimbizi waliopata familia ugenini. Filamu hiyo ilitunukiwa Tuzo ya Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni mwaka 2003, na tangu hapo sifa hizo zimekaririwa hata katika kazi za wanafunzi wetu wa uzamili. Makala haya yanashikilia kwamba sifa hizo, ingawa si za uongo, ni za uvivu. Zinamtoa mhakiki machozi pale ambapo alipaswa kutoa swali.

Kisa chenyewe ni maarufu. Walter Redlich, wakili Myahudi aliyezuiwa kufanya kazi yake na utawala wa Hitler, anakimbilia Kenya na kupata kibarua cha kusimamia shamba la mlowezi huko Rongai. Mkewe Jettel na binti yao Regina wanamfuata mwaka 1938. Vita vinapozuka mwaka 1939, Waingereza wanawatia kizuizini kwa kuwa ni Wajerumani, wasijali kwamba Ujerumani hiyo hiyo ndiyo iliyowafukuza. Baadaye wanapata shamba jingine, Ol Joro Orok, na mwaka 1947 wanarudi Ujerumani. Msingi wa filamu ni riwaya ya kitawasifu ya Stefanie Zweig iliyotolewa mwaka 1995. Zweig, aliyefariki mwaka 2014, aliletwa Kenya akiwa mtoto, naye aliandika juu ya maisha aliyoyaishi.

Sharti tuanze kwa haki. Filamu hii si ndugu wa zile filamu za kikoloni ambamo Mwafrika ni kivuli kinachobeba sinia. Jettel anapomdharau mpishi Owuor, mumewe anamkumbusha kwamba dharau ya namna hiyo ndiyo waliyoikimbia kwao. Aidha, Kiswahili kinasemwa humu kwa wingi, na kinasemwa na wote. Tukumbuke pia kwamba hakuna aliyezaliwa nacho katika nyumba hiyo: Mjerumani amekiokota shambani, na Owuor, ambaye ni Mjaluo, amekuja nacho kutoka mbali. Hapo ndipo nguvu ya filamu ilipo. Lugha ya mapenzi ya nyumba ile ni lugha ya wageni watupu, na kwa sababu hiyo Regina na Owuor wanaweza kukutana ndani yake pasipo mmoja kuwa mwenyeji wa mwenzake.

Lakini wahakiki wetu hawakuliona hilo. Wao humwita Owuor "mwenyeji," na wengine humwita "Afrika yenyewe," inayowakumbatia waliokataliwa na Ulaya. Hili ni kosa la msingi. Owuor si mwenyeji wa Rongai wala wa Ol Joro Orok. Ni mtu aliyeacha kwao, upande wa Ziwa, akaenda kutafuta mshahara katika ardhi iliyokwisha kutengwa kwa Wazungu. Kwa maana halisi ya neno, ni mhamiaji. Tofauti ni kwamba safari yake haikuvuka bahari, na kwa hiyo haikuhesabiwa. Anawalea watoto na wazazi wa familia ya watu, nasi hatupelekwi hata siku moja nyumbani kwake. Familia ambayo Redlich na mkewe waliipata ugenini ilipatikana, kwa kiasi kikubwa, kwa muda ambao Owuor hakukaa na yake.

Nilitazama filamu hii pamoja na wanafunzi wangu hapa Nyeri. Ilipokwisha, walionyamaza walikuwa wengi, na mmoja akauliza: "Mwalimu, hawa vibarua wa Ol Joro Orok walitoka wapi? Nyanya yangu alizaliwa kule, na kwao ni Tetu." Naliona swali hilo kuwa tahakiki bora kuliko nyingi nilizosoma. Ol Joro Orok ni ng'ambo tu ya milima ya Nyandarua tunayoiona kutoka mjini petu. Watu wa Nyeri, Murang'a na Kiambu walivuka kwenda huko na Bonde la Ufa wakiwa maskwota. Walijenga, wakafuga, wakaoa, wakazaa, wakazika. Nao walikuwa wahamiaji waliotafuta upendo na familia katika nchi mpya.

Tabitha Kanogo, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu maskwota na chimbuko la Mau Mau, ameeleza yaliyowapata. Sheria ya mwaka 1937 iliwapa walowezi, kupitia mabaraza yao ya wilaya, uwezo wa kuongeza siku za kazi na kupunguza mifugo na vishamba vya vibarua. Mwaka 1939 mipaka ya Nyanda za Juu za Wazungu ikatiwa muhuri wa kisheria. Vita vilipokwisha, waliokataa mikataba mipya walifukuzwa na kurudishwa katika maeneo ya asili ambako wengi hawakuwa na hata kipande cha ardhi. Yaani katika miaka ile ile ambayo akina Redlich walikuwa wakijiuliza kama wabaki au warudi, majirani zao walikuwa wakirudishwa pasipo kuulizwa.

Nyaraka za upande huo hazikosekani. Gakaara wa Wanjaũ, mzaliwa wa Tumutumu, alitoa Ũhoro wa Ũgũrani, kazi yake kuhusu ndoa, mwaka 1946. Mwaka 1948, baada ya kuyaona maisha ya vibarua wa Bonde la Ufa, aliandika kwa Kiswahili kijitabu Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika. Mwaka 1952 alikamatwa na kutiwa kizuizini kwa miaka mingi. Alipoachiliwa aliendelea kuchapisha vitabu Karatina hadi alipofariki mwaka 2001. Ni idara ngapi za Kiswahili zinazofundisha kijitabu hicho? Tunajua kulia na Jettel kwa Kijerumani chenye tafsiri chini ya skrini, ilhali Kiswahili kilichoandikwa na mtu wetu juu ya mashamba yale yale hatujakifungua.

Nitajibiwa kwamba filamu si kitabu cha historia, na kwamba inatazama kwa jicho la mtoto. Naam. Wala simdai Link filamu ambayo hakukusudia kuitengeneza. Wayahudi waliokimbia mauaji hawahitaji ruhusa yetu kusimulia uchungu wao, na mhakiki atakayeupunguza ili kuukuza wetu atakuwa amekosa utu. Ugomvi wangu ni na mhakiki. Mtoto ana haki ya kutoona nje ya ua, lakini mhakiki mwenye shahada tatu hana. Jina la filamu lina maana ya "si popote Afrika." Kwa mkimbizi aliyenyang'anywa kwao, hilo ni jina la kweli, kwa kuwa kila mahali kwake si mahali. Likitamkwa na mhakiki aliyezaliwa Tetu au Mathira, linakuwa usahaulifu.

Tuutazame upya mwisho wenyewe. Owuor anaondoka alfajiri, na mbwa nyuma yake, kabla ya wale aliowatumikia kuondoka. Wahakiki husema hapo kwamba ameonyesha heshima na hekima, kisha hufunga daftari. Mimi nasema tahakiki ianzie hapo. Anakwenda wapi? Anamkuta nani mlangoni, na anajulikana kwa jina gani na watoto waliokua yeye hayupo? Filamu haiulizi, na haina deni. Sisi tunalo. Mwanafunzi atakayeketi kuandika juu ya filamu hii katika miji hii iliyo chini ya Mlima Kenya na aanze kwa kumuuliza nyanya yake alizaliwa shamba gani, kisha akitafute kijitabu cha Gakaara, ndipo arudi kwa Jettel na Walter. Akiwalilia wakati huo, machozi yake yatakuwa na hoja.