Kuvumilia si kunyamaza: Noeli yangu katika theluji ya Norwe



Nilipoondoka Lubumbashi mwezi wa kumi na mbili, niliondoka na deni. Si deni la franga, maana lile la likelemba nitalimaliza kwa zamu yangu kama tulivyopatana. Ni deni la habari. Mlinisindikiza mkisema: "Ukirudi utatuambia kila kitu." Leo ninalipa.

Binti yangu anaishi Tromsø, kaskazini kabisa ya Norwe. Alikwenda kusoma, akaolewa kule, akazaa watoto wawili ambao nilikuwa ninawajua kwa simu tu. Miaka minane sikumshika mwanangu mkono. Visa ilipotoka, ilikuwa ya siku 21. Kwa hiyo kila siku ilikuwa na bei yake, na kila siku nilikuwa nimeipangia kazi.

Kwanza niwaeleze mahali penyewe. Tromsø ni mji uliojengwa juu ya kisiwa, na watu wanaingia kwa daraja, kwa njia iliyochimbwa chini ya bahari, au kwa ndege. Kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari, jua halichomozi hata siku moja. Saa sita mchana unaona mwanga wa bluu kama alfajiri yetu, kisha giza linarudi. Bahari yake haigandi, maana kuna mkondo wa maji ya vuguvugu unaotoka mbali kusini. Lakini upepo wa bahari hiyo ndio unaoleta theluji kwa nguvu, na theluji ndiyo bwana wa safari zote za kule. Reli ya Norwe haifiki Tromsø. Kwa barabara, kutoka Oslo ni zaidi ya kilomita 1,600. Kwa ndege ni saa mbili tu. Ndege isiporuka, umekwama.

Mimi nilikwama.

Nilifika Oslo asubuhi ya tarehe 23, baada ya kulala ndani ya ndege kutoka Addis Ababa. Ndege ya Tromsø ilikuwa ya saa saba mchana. Kwenye ubao wakaandika saa tisa. Baadaye saa kumi na moja. Baadaye saa moja usiku. Kule Tromsø upepo ulikuwa mkali, na theluji ilikuwa inarudi juu ya uwanja kabla magari hayajamaliza kuifagia. Saa mbili usiku ubao ukasema safari imefutwa.

Watu wakasimama, wakaenda huku na huku, kila mmoja na simu yake. Mimi nikabaki juu ya kiti. Nilijiambia: mimi ni mgeni, Kingereza sina, Kinorwe sina, nitavumilia hapa mpaka asubuhi. Tumezoea kulala njiani sisi. Mvumilivu hula mbivu.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo sikumwambia mtu. Wengi wenu mnajua nina tansio, damu inapanda. Dawa zangu nilizifunga vizuri ndani ya valizi kubwa, chini ya vitenge na sombe kavu. Asubuhi pale forodhani valizi ilikuwa mkononi mwangu, nikaikabidhi tena kwa ndege ya pili bila kuifungua. Mara ya mwisho kumeza dawa ilikuwa nyumbani. Kufika saa nne usiku kichwa kilikuwa kinapiga kama kinu, na masikio yanalia. Tumbo lilikuwa tupu, maana bei ya mkate niliyoiona pale iliniogopesha.

Simu ikalia. Mwanangu.

"Mama, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Nikanyamaza. Yeye ananijua.

"Na dawa?"

"Ziko ndani ya valizi."

"Valizi iko wapi?"

"Ndani ya ndege."

"Mama, ndege haikwenda. Valizi itabakije ndani ya ndege?"

Wamama, sikuwa na jibu. Akaniambia: "Simama sasa hivi. Nenda pale kwenye gishe, mpe yule dada simu yako, usiongee kitu." Nilisimama kwa haya nyingi. Nilimpa dada yule simu kama mtoto anayetumwa dukani na karatasi. Wakaongea kidogo. Dada akaniangalia, akatoa karatasi ya chakula, karatasi ya chumba cha hoteli, akanionyesha mlango wa basi. Kisha akanionyesha pale mizigo inapotokea. Valizi yangu ilikuwa inazunguka peke yake. Wenzangu wote walikuwa wamekwisha kuchukua zao tangu jioni. Mimi nilikaa juu nikiumwa, na dawa zilikuwa chini yangu, mwendo wa dakika tano.

Baadaye mwanangu alinieleza, na ninataka kila mama alishike jambo hili. Nchi za Ulaya zina sheria ya mwaka 2004 inayolinda wasafiri wa ndege, na Norwe nayo inaifuata. Ndege ikifutwa au ikichelewa sana, kampuni inapaswa kukupa chakula na kinywaji kadiri unavyongoja, nafasi ya kupiga simu, na mahali pa kulala ikiwa utalala njiani. Ikifutwa, unachagua: kurudishiwa makuta ya tikiti, au kupelekwa ulikokuwa unakwenda. Hata kama kosa ni la theluji na si la kampuni, chakula na kitanda ni haki yako. Malipo ya ziada ya fidia ndiyo hayatoki ikiwa sababu ni hali ya hewa. Lakini mara nyingi anayekaa kimya hapewi, kwa sababu hakuna anayejua kwamba yuko pale.

Tarehe 24 viti vyote vilikuwa vimejaa. Kule Noeli yenyewe inaliwa jioni ya tarehe 24, maduka yanafungwa mapema, kila mtu yuko kwao. Mimi niliila ndani ya chumba cha hoteli, nikisikia wajukuu wakiimba kwa simu. Sitawadanganya, nililia. Miaka minane, nimebakiza saa mbili za ndege, na theluji imefunga mlango.

Tarehe 25 nikafika. Ilikuwa saa nane mchana na giza limeshika. Mwanangu alikuwa amesimama na koti la pili mkononi, la kwangu, na watoto wamejificha nyuma yake. Mdogo alichungulia akauliza: "Wewe ndiye nkambo wa ndani ya simu?" Jioni ile tulikula bukari na sombe, wakarudia Noeli yao kwa ajili yangu.

Kuna siku nyingine niliyojifunza kitu. Tulikuwa tunakwenda kwa gari kusalimia wakwe zake, nyuma ya milima. Dhoruba ikaanza na barabara ikafungwa kwa kizuizi. Kule mlima ukiwa mbaya, magari hayaendi ovyo. Yanapangwa mstari mmoja, mbele gari kubwa la kusukuma theluji, nyuma gari jingine la walinzi, ili hata mmoja asibaki. Kabla ya kuondoka mlinzi alipita dirisha kwa dirisha. Mna mafuta ya kutosha? Mna nguo za joto? Mna chakula? Watoto wangapi? Asiyejiandaa wanaweza kumrudisha.

Alipofika kwetu, mimi nilitaka kusema tuko sawa, kama tunavyosema siku zote. Mwanangu akasema ukweli: "Mama yangu viatu vyake ni vyepesi." Mlinzi akangoja. Mwanangu akatoa nyuma ya gari soksi za sufu na viatu vya mumewe, nikavaa pale pale, vikubwa kama mitumbwi. Watoto walicheka njia yote. Lakini tulisimama saa nzima juu ya mlima katikati ya mstari, bila kuona hata pua ya gari la mbele, na miguu yangu ilikuwa na joto.

Nikafikiri njia zetu. Sisi hatuna theluji, tuna matope. Wakati huu wa mvua, lori linaingia barabara ya Pweto na linaweza kukaa siku nyingi porini, na ndani yake kuna mama mwenye mtoto mgongoni. Hakuna mlinzi anayepita kuuliza, hakuna karatasi ya hoteli. Tofauti hiyo ni kubwa na sitaificha. Lakini nimejiuliza: mara ngapi mama amekaa juu ya lori na mtoto mwenye homa, bila kumwambia hata jirani, akiogopa kusumbua? Uvumilivu wetu ni mali, umelea familia nzima. Ila kuvumilia ni kitu kimoja, kunyamaza ni kingine. Anayevumilia anangoja kile ambacho hakiwezi kubadilika. Anayenyamaza anangoja hata kile kilichoko mwendo wa dakika tano.

Kwa hiyo, kabla watoto hawajarudi mashuleni na wasafiri hawajapanda magari, tufanye haya:

Dawa, karatasi ya daktari, maziwa ya mtoto na nguo moja ya kubadilisha viwe katika mfuko wa mkononi. Visiwe kamwe katika mzigo mkubwa. Nchi nyingi hawauzi dawa ya tansio bila karatasi ya daktari.

Namba za simu za watu watatu ziandikwe kwenye karatasi. Simu inazimika, karatasi haizimiki.

Safari ikisimama, uliza maswali manne: Kwa nini? Mpaka lini? Mizigo iko wapi? Mnatupa nini tukingoja? Kama lugha ni ngumu, mpigie mwenye kuijua, na umpe mfanyakazi simu. Kuuliza si ujinga.

Mgonjwa na mwenye mtoto mchanga ajitaje mapema, hata kwa abiria wenzake. Mtu akijua, atasaidia au ataita mwingine.

Na sisi tunaobaki nyumbani: tukimpigia simu msafiri, tusiulize "umefika?" peke yake. Tuulize kama mwanangu: umekula nini? Dawa umemeza saa ngapi? Akijibu "niko sawa" upesi sana, tuulize tena.

Siku zangu 21 zilipungua mbili kwa ajili ya theluji. Kumi na tisa zilizobaki nilizitumia zote. Picha nitazileta kwenye mkutano wetu, na soksi zile za sufu pia, mzishike kwa mkono wenu. Mama mwenye habari ya kukwama njiani naye aje nayo, tutaiandika hapa wiki ijayo.

Mbaki na amani.