Kaske ya masikio: tazama mito yake kwanza



Mara nyingi tunakuta kaske za kuzuia makelele zinaning'inia shingoni, na huku mashini zinanguruma. Watu husema: «Huyu ni mkaidi, hapendi kujilinda.» Mimi sikubali. Mwulize mwenyewe, atakujibu: «Munganga, inaniumiza.» Basi, kabla ya kumgombeza mtu, tutazame mito ya kaske yake.

Mto ni ule mzunguko laini unaogusa kichwa pembeni ya sikio. Wengi wanafikiri umewekwa kwa kulainisha tu. Sivyo. Kikombe cha plastiki peke yake hakiwezi kitu. Mto ndio unaofunga mlango. Ukiacha nafasi ndogo, makelele yanapita, na hasa sauti nzito za injini na vantilateri.

Mto mzuri ni wa namna gani? Tundu lake liwe na umbo la yai, kwani sikio si duara. Liwe kubwa, sikio lote liingie ndani. Mto ukikalia sikio lenyewe, unalibana juu ya mfupa na maumivu yanaanza. Tena uwe na kina, sikio lisiguse ukuta wa kikombe. Mto mpana na laini hugawa nguvu pande zote. Mto mwembamba na mgumu huikusanya mahali pamoja. Wewe unayevaa miwani, jua kwamba mikono yake minene huinua mto na kuacha mwanya. Kofia ya kitambaa chini ya mto hufanya vilevile.

Utasema: «Ninaitoa kidogo tu, nipumzike.» Fanya hesabu pamoja nami. Wataalamu wengi wanaweka mpaka kwenye desibeli 85 kwa saa 8 za kazi. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu: desibeli 88, saa 4, 91, saa 2, 94, saa 1, 100, dakika 15 tu. Na mashini ya kutoboa mawe inapita 100. Sasa, kaske inayopunguza desibeli 30, ukiivaa saa 7 na kuitoa saa 1, faida yake ya siku nzima inashuka mpaka karibu 9. Kwa hiyo kaske ya desibeli 20 unayoivumilia tangu mwanzo wa kazi mpaka mwisho inakulinda kuliko ile ya 30 unayoitoa kila mara.

Ndiyo sababu ninasema wazi: magazini isitoe kaske ya umbo moja kwa watu wote. Shefu ampe kila mtu nafasi ya kujaribu mbili au tatu. Mito ibadilishwe angalau kila miezi 6, au mapema zaidi ikikauka, ikipasuka au ikiwa migumu kwa jasho na mafuta. Wako watakaosema huku ni kudekeza watu. Lakini nani anampa buti namba 40 mtu wa namba 44, kisha anamwita mvivu akichechemea? Na bei ya mito ni ndogo kuliko bei ya kaske nzima.

Wewe pia una kazi yako. Osha mito kwa maji na sabuni, si kwa petroli. Usitoboe kikombe ili upate hewa. Usipanue utepe wa kichwani kwa nguvu ili ulegee. Usitoe sponji ya ndani. Ikikuumiza, usinyamaze: irudishe, uombe nyingine.

Na nyumbani, baba na mama, tazameni kaske za muziki za watoto. Mito ikichanika, sauti nzito zinatoroka nje, na kijana anapandisha sauti ili azisikie. Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri mtoto asipite desibeli 75 kwa saa 40 kwa juma, na mtu mzima 80.

Ndani ya sikio mna vinywele vidogo sana vinavyopokea sauti. Makelele yakiviua, havioti tena. Sauti nyembamba ndizo zinazopotea kwanza, zile za «s», «f» na «t». Mtu anasikia kwamba mke wake anasema, lakini hasikii anasema nini. Watoto wanachoka kurudia, naye anaanza kukaa peke yake. Hakuna kidonge wala sindano ya kurudisha jambo hilo. Wazee walisema sikio la kufa halisikii dawa. Hapa dispanseri tunaona kwamba sikio likisha kufa, dawa haipo.

Kesho, kabla ya kuingia kazini, bonyeza mito yako kwa kidole. Kama ni migumu, pita magazini kwanza.