Daftari la Wiki: Wimbo Umekwisha, Mwimbaji Hajatajwa

Ukitaka daladala nzima ichangamke, uliza redio ya taifa ipige muziki gani. Wiki hii swali lilizuka lenyewe kwenye foleni ya Buguruni. Taarifa ya habari ya TBC Taifa ilikuwa imekwisha, likaingia dansi la zamani, na konda akaomba dereva ahamie stesheni nyingine. Mama mmoja wa siti ya mbele akasema usiguse hapo. Kijana wa nyuma akasema redio ya taifa kazi yake ni habari na matangazo ya vifo, muziki waachiwe wenye FM za mjini. Baba mmoja aliyepakata mfuko wa mbegu akamjibu kwamba kwao kijijini hizo FM za mjini hazishiki, na huko nako watu wanapenda kucheza. Nilishuka Tazara hawajamaliza.

Kila mmoja wao alikuwa na haki. Kijana anajua kwamba Bongo Fleva atakayo ataipata popote, saa yoyote, hata kwenye simu yake. Mama anajua kwamba lile dansi, akikosa kulisikia pale, hana pa kulisikia. Na mimi nasimama na mama. Redio ya biashara hupiga kinacholeta matangazo, na hakuna wa kuilaumu kwa hilo. Redio inayoendeshwa kwa fedha ya umma ina deni kwa muziki ambao hauna wa kuulipia: dansi la miaka ya sabini, ngoma za Wagogo na Wamakonde, kwaya za vijijini, taarab ya vikundi visivyo na video.

*

Wanaosema "redio zamani ilikuwa redio" wakumbuke pia zamani hiyo ilikuwaje. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza 1951. Mwaka 1965 serikali ikaichukua moja kwa moja na ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Mpaka Radio One na wenzake walipoanza 1994, upande wa Bara hapakuwa na redio nyingine ya nchini ya kuhamia. Ulisikiliza ulichopangiwa.

Lakini RTD ilifanya jambo kubwa: ilirekodi. Santuri za bendi zetu nyingi zilichapwa Nairobi, na bendi isiyo na nauli ya Nairobi ilikuwa na mlango mmoja tu, studio za RTD Barabara ya Pugu. Maneno ya nyimbo yalipelekwa kwanza, yakapitiwa, mengine yakakatwa. Yakipita, bendi nzima iliingia chumbani, waimbaji, magitaa, tumba na tarumbeta, wakapiga kwa pamoja, kanda ikaenda maktaba. NUTA Jazz, Western Jazz na Saboso yao, Urafiki na Chakachua, Vijana Jazz, Maquis, wote walipita kwenye mtambo huo. Dukani wimbo hukuukuta. Aliyeutaka alikaa na redio kaseti, kidole juu ya kitufe cha kurekodia, akisubiri upigwe. Ndiyo maana kanda nyingi za majumbani mwetu zinaanza na neno la mwisho la mtangazaji.

*

Maoni ya msikilizaji yalifika vipi siku hizo? Kwa kadi ya salamu. Uliinunua dukani, ukajaza jina lako na unakotoka, ukaorodhesha shangazi, wajomba na marafiki wa shule, chini ukaandika ujumbe na wimbo unaoomba, ukabandika stempu. Kadi ilisafiri wiki kadhaa, ikasomwa siku usiyoijua, na kijiji kizima kikakuambia umetajwa. Wanasalamu wengine walijulikana nchi nzima bila mtu kuwahi kuwaona sura.

Nayataja haya kwa sababu siku hizi tunapima maoni kwa wanaopiga simu na kutuma ujumbe studioni. Ni wale wale, saa zile zile, wenye salio na mtandao. Mvuvi aliye majini na redio chini ya turubai hapigi simu. Mama lishe mikono yake ina unga. Stesheni inayopanga muziki kwa kuhesabu meseji inawasikia wachache sana kati ya wanaoisikiliza, na redio ya taifa inapaswa kuwafuata hawa wengine huko huko waliko.

*

Alhamisi nilikuwa kwa fundi cherehani, Tandika, nikisubiri suruali ipunguzwe kiuno. Redio yake ni ndogo, mfuniko wa betri umefungwa kwa mpira, na erio iliyovunjika imeungwa kwa njiti ya baiskeli. Stesheni moja ya FM ikapiga wimbo mrefu wa Mlimani Park, wana Sikinde. Sebene lilipoanza mzee aliacha kukanyaga, akabaki ameshika kitambaa chini ya sindano mpaka mwisho. Mtangazaji akaingia kabla gitaa halijanyamaza: "Zilipendwa hizo!" Kisha likafuata tangazo la vifurushi.

"Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, mzee."

"Hakutaja bendi. Hakutaja aliyeimba. Wimbo umekuwa yatima."

Maneno ya mzee nimeyabeba tangu siku hiyo, maana ndiyo maoni mazito kuliko yote niliyoyasikia kuhusu redio zetu. Tunabishana nyimbo zipi zipigwe, tunasahau zinavyopigwa. Chukua sauti ya Muhidin Gurumo, aliyefariki 2014. Utaisikia NUTA Jazz, utaisikia Mlimani Park tangu bendi hiyo ilipoundwa 1978, utaisikia Orchestra Safari Sound, na utaisikia tena Msondo Ngoma uzeeni kwake. Hassan Bitchuka naye alihama hama hivyo hivyo. Usipotajiwa bendi na mwaka, unasikia mtu mmoja mahali pamoja, na ile historia ndefu ya bendi kunyang'anyana waimbaji, ya mitindo kushindana, inakupita. Gitaa la solo lililokutoa machozi lina mwenyewe, na huenda mwenyewe anaishi mtaa wa pili.

Kuna fedha pia ndani yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa msanii haki ya kulipwa mirabaha kazi yake inapotangazwa. Stesheni isiyojua imepiga nini haiwezi kuandika orodha, na pasipo orodha atalipwa nani? Mjane wa mpiga tumba hana wa kumdai.

*

Wengine wanadai dawa ni amri: ipangwe asilimia, redio zipige muziki wa nyumbani, basi. Kenya waliwahi kulijaribu hilo. Mwaka 1980 Sauti ya Kenya iliagizwa kwamba asilimia 75 ya muziki wake uwe wa Kenya. Lawama zikamiminika, na agizo halikudumu. Ufaransa nao tangu 1996 redio zao zinabanwa na kiwango cha asilimia 40 cha nyimbo za Kifaransa, na wao wameendelea nacho. Mimi sipingi kiwango. Ila kiwango bila mtangazaji anayejua anachokipiga kitatujazia saa tu, na msikilizaji atakwenda anakokwenda.

Mfano unaonivutia zaidi ni wa Uingereza. Machi 2010 BBC ilitangaza nia ya kuifunga Radio 6 Music, stesheni ambayo wakati ule haikuwa hata na masafa ya FM. Wasikilizaji wakaandika barua kwa maelfu, wakakusanyika nje ya jengo la BBC jijini London, na Julai mwaka huo huo bodi iliyoisimamia BBC ikaukataa mpango huo. Nyimbo zenyewe walikuwa nazo majumbani, wangeweza kununua nyingine. Walichokipigania ni watangazaji wanaosema hii ilirekodiwa lini, nani yuko kwenye besi, na kwa nini ilisahaulika, na wanaozitoa kanda za maktaba ya BBC na kuzirusha hewani.

*

Sisi maktaba tunayo. Kanda za RTD zilirithiwa na TBC, shirika lililoundwa 2007, na ni hazina isiyopatikana kwingine, kwa kuwa rekodi nyingi zilizomo hazikuwahi kutoka kwenye santuri. Juhudi za kuzihamishia kwenye kompyuta zimewahi kuanzishwa, na waliozianza wanastahili shukrani. Lakini kanda ya sumaku haisubiri bajeti. Joto la Dar es Salaam na unyevu wake hulegeza gundi inayoshika ule unga wa chuma wenye sauti, na unga ukishapukutika wimbo umekwenda. Mitambo ya kuzichezea nayo inachakaa, na mafundi wanaoijua wanastaafu. Kazi hii ipewe fungu lake na tarehe ya kukamilika, kisha kila jioni saa nzima itengwe hewani kwa kile kilichookolewa, kikitajwa jina, bendi na mwaka.

*

Kwa watangazaji, wa redio ya taifa na wa redio binafsi, naomba sekunde kumi tu baada ya kila wimbo wa zamani. Semeni nani kaimba, na bendi gani, na kama mnamjua mpiga solo mtajeni. Msipojua, waulizeni wasikilizaji hewani, mtajibiwa kabla ya taarifa ya habari.

Na wewe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna kaseti zilizorekodiwa redioni, usizitupe. Kama kuna mzee aliyepiga au kucheza na bendi, mkalishe mwisho wa wiki hii, mpigie nyimbo, muulize kila sauti ni ya nani, uandike.