Si Kila Kosa ni la Maziwa



Majuma mawili yaliyopita nilikuwa Ruiru, kwa binti wa dada yangu aliyeolewa huko. Bara mgeni hukaribishwa kwa chai, na chai ya kule si hii yetu ya rangi yenye iliki na tangawizi, bali ni maziwa matupu yaliyoonjeshwa majani. Wala si ajabu: Ruiru ndiko yaliko makao ya kampuni ya maziwa ya Brookside, na Kiambu yote, mpaka Thika, ni nchi ya ng'ombe wa maziwa. Jirani alipotuletea birika, mwanangu yule alikishika kikombe, akakitazama, kisha akakiweka chini. Ana ugonjwa wa Crohn, mwaka wa tatu sasa.

Nilipomuuliza alinijibu: "Mama mkubwa, ni maziwa yaliyonitia maradhi haya. Nimeyaacha, nikapata nafuu, nami nikaona dawa sina haja nazo tena." Nilipomdadisi zaidi akainamisha uso, akakiri kwamba damu imerejea chooni tangu mwezi uliopita. Hakumwambia mtu, hata mumewe.

Nimeona kosa hili kwa zaidi ya mmoja, kwa hiyo naomba tulifahamu vyema. Ndani ya maziwa mna sukari iitwayo laktosi. Ili mwili uitumie, kuta za utumbo mwembamba hutoa kimeng'enya kiitwacho laktesi, kinachoikata sukari hiyo vipande viwili. Laktesi ikipungua, laktosi hushuka nzima hadi utumbo mpana, vijidudu vya huko huichachusha, na matokeo yake ni riahi, tumbo kujaa, msokoto na kuharisha. Ni adha kubwa, lakini haichubui utumbo wala haileti kidonda.

Kwa watu wengi duniani laktesi hupungua baada ya utoto. Wanaobaki nayo ukubwani ni hasa kizazi cha wafugaji. Utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff, uliotoka mwaka 2007 katika jarida la Nature Genetics, uliwapima Watanzania, Wakenya na Wasudani 470, ukaonyesha kwamba wafugaji wa Afrika Mashariki waliipata hali hiyo kwa njia yao wenyewe, mbali na watu wa Ulaya. Basi mtu wa pwani akisumbuliwa na gilasi ya maziwa, huenda ni maumbile yake tu.

Uvimbe sugu wa matumbo ni jambo jingine. Humo mna maradhi mawili makuu: ugonjwa wa Crohn, uwezao kushika popote katika njia ya chakula, na ule wa vidonda vya utumbo mpana. Crohn ikishika utumbo mwembamba, huharibu kuta zile zile zitoazo laktesi, na mgonjwa aliyekuwa akinywa maziwa bila taabu huanza kuyakataa. Utumbo ukipona, mara nyingi uwezo hurudi. Mwenye vidonda vya utumbo mpana peke yake hana sababu hiyo. Yeye huwa kama watu wengine.

Ndiyo maana mwanangu alipata nafuu alipoacha maziwa: riahi na msokoto vilipungua. Moto wenyewe haukuzimika. Damu chooni, homa, kukonda, na kuamshwa usiku na haja si dalili za laktosi hata kidogo. Ukiziona, mwendee daktari siku hiyo hiyo. Na aibu hii yetu ya kutotaja choo, jamani, imetuchelewesha wengi.

Kuhusu jikoni, hapana haja ya kufukuza kila chenye maziwa. Wengi wenye upungufu wa laktesi huvumilia kiasi cha gramu 12 za laktosi kwa mara moja, yaani kikombe kimoja, hasa wakinywa pamoja na chakula. Maziwa ya mgando, au maziwa lala kama wayaitavyo bara, yana laktosi pungufu kwa kuwa imekwisha kuchachuka. Samli karibu haina kabisa, na jibini gumu vilevile. Maziwa yanayouzwa kuwa hayana laktosi yametiwa laktesi kiwandani, ndiyo sababu huwa matamu zaidi. Tambi za tui hazina neno. Ila maziwa ya ngamia, wanayoambiwa wengi kuwa ni salama, nayo yana laktosi.

Vidonge vingi vya dawa pia hutiwa laktosi, lakini ni chembe ndogo. Hiyo si sababu ya kuviacha. Na anayetumia prednisoloni akiacha maziwa yote bila badala, mifupa yake huingia hatarini mara mbili, kwani dawa hiyo yenyewe huidhoofisha. Ale dagaa na mifupa yake, sukuma wiki, ufuta, na amuulize daktari juu ya vidonge vya kalsiamu na vitamini D.

Siku ya pili tulipanda matatu hadi Thika kwa daktari wake. Alimpima damu na choo, akamrejesha kwenye dawa, akamwambia maziwa ayajaribu tena kidogo kidogo utumbo ukishatulia. Jana usiku nilimpigia simu. Kabla sijauliza kitu akanitangulia: "Mama mkubwa, leo siku ya nne sijaona damu." Mumewe nilimsikia nyuma akiuliza kama amekwisha kumeza vidonge vya jioni.